Shahidi wa Pili

Kila alasiri, kwa miezi mitatu, yaya wangu alivua viatu vya kazi mlangoni kwa baba yetu, akakikalia kiti kidogo kilichomezwa na mapaja yake makubwa, akanikabidhi daftari.

"Mwalimu, nipige," alisema. Maana yake: nisomee imla.

Kwetu Elisabethville yaya si mlezi wa watoto, ni ndugu yako mkubwa, awe wa kiume au wa kike. Huyu wangu alikuwa sajenti wa polisi, mwenye masharubu na watoto wanne. Mimi nilikuwa msichana niliyefundisha darasa la tatu kwenye shule ya masista, na jioni nilijaza madaftari mengine, ya siri, kwa hadithi ambazo bado hazikuwa na msomaji.

Tangazo lilikuwa limebandikwa kwenye makao ya polisi: kwa mara ya kwanza, watu weusi wangeruhusiwa kufanya mtihani wa ukomisari msaidizi. Mpaka siku ile cheo cha mtu mweusi kilikomea kwenye usajenti, kama reli inavyokomea kwenye gogo. Maneno hayo ni ya baba, aliyezeeka akiitumikia reli. Nafasi zilikuwa chache na waombaji wengi, wakiwamo vijana wa Kizungu ambao yaya ndiye aliyewazungusha mitaani walipokuja, akiwaonyesha hata pa kunywa maji. Tena kulikuwa na umri wa mwisho, na yaya alibakiwa na miezi minane kuufikia. Asingepita mara ile, asingepita tena.

Hakuweza kusomea kwake, kwa sababu mama mkwe wake alikuwa ameshuka kwa treni kutoka kaskazini, aje kumsaidia binti yake aliyejifungua. Kwa desturi yetu, mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawali pamoja, na jina lake halitoki kinywani mwa mkwe. Nyumba ya kambi ya polisi ilikuwa na vyumba viwili tu. Kila aliporudi kazini yaya alianza kukohoa tangu barabarani, ili mama wa watu apate nafasi ya kukimbilia jikoni na kitenge chake kichwani.

"Kukohoa namna hii," aliniambia, "nitapata ukomisari nikiwa katika hospitali."

Nilimfundisha kwa ukali wa mtu asiyejua kazi. Ripoti huanza na jina, nilimwambia: jina, umri, kazi, makao, kwa sauti inayofika ukutani. Siku moja nikamtungia kisa cha mazoezi. Baiskeli imeibwa karibu na soko, mwizi ameonekana akielekea Kasumbalesa, kuna mashahidi wawili. Shahidi wa pili, mwanamke muuza unga, nilimpa jina la kwanza lililonijia, jina ambalo kwetu halikosi katika ua wowote. Yaya alisoma vizuri mpaka pale, akanyamaza. Akaanza upya, akanyamaza palepale. Nilidhani herufi zimemshinda, nikacheka.

"Yaya! Hata batoto bangu ba darasa la tatu bangesoma ile!"

Alifunga daftari polepole.

"Weye unacheka nini? Ile njo jina ya mama ya bibi yangu."

Mama wa mke wake, mama mkwe yule yule, na mimi sikuwa nikilijua jina lake. Sote tulimwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Nikaona haya, na kwa sababu nilikuwa msomi wa miaka ishirini, haya yangu ikageuka hoja.

"Na ikitokea kwenye mtihani? Utaitaja tu. Bazungu habajue mambo yetu. Mama mwenyewe atakuwa jikoni, hatasikia. Nani atasikia?"

"Miye," alisema yaya. "Miye nitasikia."

Akafungua daftari na kuniomba kisa kingine. Nilimpa, nikayasahau.

Mtihani ulichukua siku mbili, wa kuandika kwanza, wa kusema baadaye. Jioni ya siku ya pili nilimwona akija toka mbali, kofia mkononi. Hakuvua viatu. Alikaa kizingitini akaniambia yote, macho yake yakiwa kwenye moshi wa bomba kubwa la kiwanda, uliokuwa ukilala upande wa mto.

Makomisari watatu wa Kizungu walikuwa wameketi nyuma ya meza. Kila mtahiniwa alipewa faili alieleze kwa sauti. La kwake lilihusu ugomvi kwenye baa, mtu mmoja kukatwa mkono, mashahidi wawili wamesikilizwa. Shahidi wa pili alikuwa mwanamke. Jina lake lilikuwa lile lile.

"Niliona ile jina," alisema. "Nikasema, shahidi wa pili. Nikaendelea. Shahidi wa pili aliona hivi, shahidi wa pili alisema vile. Mzungu wa katikati akanisimamisha. Huyu shahidi hana jina? Nikajibu: iko nayo, mon commissaire, iko kwenye karatasi, musitari wa saba. Akasema: basi uitaje!"

"Ukaitaja?"

"Niliangalia dirisha. Ilikuwa wazi, na inje bantu baliketi kwenye benchi, kila mutu na shida yake. Nikamuambia: dirisha iko wazi, mon commissaire. Huyu mama jioni atarudia kwake, na mwenye kukata mukono iko na bandugu."

"Bakasema nini?"

"Mumoja aliandika."

Nilikaa chini kando yake. Niliona kazi yangu ya miezi mitatu imevunjika kwa neno moja ambalo hata halikusemwa. Mimi ndiye niliyemkaririsha kwamba jina hutangulia. Sasa alikuwa amesimama mbele ya mabwana watatu na kukataa kutaja jina. Mtu yeyote angemwandikia: hatii amri.

"Kwa hiyo ulibadanganya," nilisema.

"Kudanganya wapi, kadogo? Dirisha ilikuwa wazi. Bandugu bako. Miaka yote natembea humu mujini, sijatangaza jina ya shahidi mubele ya bantu."

"Na kama dirisha ingefungwa?"

Alivaa kofia akaenda zake, na baada ya muda nikamsikia kwa mbali ameanza kukohoa.

Tulingoja siku kumi na moja. Darasani nilifuta ubao ambao haukuwa na kitu. Wifi yangu, mke wake, alipasua sahani mbili. Kila saa ya treni ya kaskazini baba alitoka nje na kuisikiliza ikipita, kana kwamba ingemletea jibu. Yaya mwenyewe alikataa kabisa kwenda kutazama ubao wa matangazo.

"Nenda weye. Weye njo mwalimu."

Nilikwenda saa ya mapumziko, na chaki bado vidoleni. Majina yalikuwa machache, yamepigwa kwa mashine. Nilianza chini kwenda juu, kwa woga, na wa pili kutoka chini alikuwa yeye. Nilisoma tena kwa kidole. Nikaacha alama nyeupe ya chaki kando ya jina lake, na polisi mlinda mlango akanigombeza, nikamshukuru.

Siku alipoitwa kupokea barua yake, Mzungu yule wa katikati alimwambia maneno machache tu: wote waliopewa faili lile walilitaja jina kwa sauti ya kengele, yeye peke yake aliliangalia dirisha. Yaya alitusimulia hayo akijikuna shingo, kama mtu aliyesifiwa kwa shati la kuazima.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Mchana ule nilikimbia kutoka ubaoni mpaka kambi ya polisi, na hewa yote niliyokuwa nimeibana siku kumi na moja ikanitoka njiani, nikawa nacheka peke yangu kati ya baiskeli za watu. Nilimwambia yaya uani. Hakuruka. Alijishika kiuno, akavuta pumzi, akaenda kusimama karibu na mlango wa jiko. Akakohoa.

Mama mkwe hakukimbia safari ile. Binti yake alikuwa amekwisha kumsimulia habari za dirisha. Aligeuka tu, akatuonyesha mgongo, kitenge kichwani, mwiko mkononi, akasema na chungu kilichokuwa motoni:

"Weye chungu, ambia ule muntu iko mulangoni: jina yangu ilienda kwa Bazungu, imerudia nzima. Nimesikia."

Yaya, komisari msaidizi, akamwinamia kuku aliyekuwa akidonoa karibu na viatu vyake.

"Weye kuku, ambia mama: aksanti."

"Na umuambie," mama alikiambia chungu, "bukari iko tayari. Akule huko inje. Akule mingi."

Nilimpelekea sahani ya ugali na mchuzi mimi mwenyewe. Mchuzi ulimwagika kidogo kwenye vidole vyangu vya chaki, na yaya alikula mpaka akamaliza, bila kunyanyua kichwa.