Msomaji wa Macho

Baba mkwe mdogo, ndugu wa baba wa mume wangu, alikuwa na ujinga aliouita utaalamu. Alilinda lango la ghala moja Busia miaka mingi, kisha akarudi Kisoko, kijijini nilikoolewa, akijigamba kwamba hakuna mwongo wa kumpita. "Mimi nasoma macho," alisema kila palipokuwa na watu na pombe. Wenzake wa zamani waliniambia baadaye kwamba magendo yalipita langoni pake kila wiki. Madereva walimkazia macho, wakamsalimu vizuri, naye akafungua.

Msimu mmoja gunia la mbegu za karanga lilitoweka stoo kwa mama mkwe. Ufunguo nilikaa nao mimi, na shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alijua ninapouficha. Badala ya kulitafuta gunia, wakwe wakamwita mzee huyo aje asome macho.

Kwetu mkwe hatazamwi usoni. Unapiga magoti, unasalimia, unatazama chini. Ningemtazama mzee yule siku yoyote nyingine, angenifukuza uani kwa fimbo.

"Umechukua mbegu?"

"Sijachukua, baba," nikajibu, macho yangu chini.

"Munaona? Mutu ya ukweli naangalia mutu kwa macho. Huyu naangalia udongo!"

Shemeji alipoulizwa, alimkodolea macho bila kupepesa. "Mimi hapana, baba." Mzee akampiga bega kwa furaha. Huyo ni safi, akasema.

Mume wangu alikaa kando kama mgeni. Nilirudishwa kwetu Nabuyoga na mfuko mmoja wa nguo. Mwanangu wa miaka mitatu alibaki, kwa sababu mtoto ni wa ukoo wao. Nilimsikia akilia mpaka nilipofika barabarani. Yote hayo kwa ajili ya mpumbavu mmoja na macho yake.

Karanga zilipoanza kutoa maua, mama mkwe alipita Rubongi kumwona mgonjwa. Kwenye uzio wa nyumba fulani aliona gunia tupu limeanikwa, pindo la mdomo limeshonwa kwa uzi mwekundu, mshono wake mwenyewe. Nyumba ilikuwa ya mpenzi wa shemeji. Mpenzi huyo aliulizwa, akamtaja shemeji kuwa ndiye aliyempa. Hakuna aliyesoma macho ya mtu, watu waliona gunia tu.

Mzee alikuja kwetu amebeba kuku, amevaa koti la harusi. Akanitazama usoni moja kwa moja.

"Mimi tangu siku ile nalijua wewe hapana mwizi."

Hakupepesa hata mara moja. Nilitaka kucheka, nilitaka pia kumtemea mate, lakini mwanangu alikuwa bado kwao. Nikapiga magoti. Kisha, kwa mara ya kwanza maishani, nikainua macho nikamkazia mkwe wangu.

"Nimekusamehe, baba."

Akawageukia wazazi wangu, anatabasamu. "Munaona? Macho yake nasema ukweli."

Kesho yake nilirudi Kisoko, nikambeba mwanangu mgongoni. Mzee yule sijamsamehe mpaka leo.