Wimbo wa Kofia ya Padre

Nilipokuwa mtoto, kijijini kwetu upande wa Zuzu, mama zetu walivaa suruali pale tu mvua ilipogoma. Wazee walisema upepo mbaya umeingia katika nchi, na wa kuutoa ni wanawake. Siku hiyo mambo yaligeuka: wanawake walivaa nguo za waume zao na kuswaga ng'ombe, wanaume wakabaki nyumbani kuchota maji na kusonga ugali. Ugali wa baba yangu hata mbwa aliunusa kwanza.

Mwaka ninaousimulia ulikuwa wa miaka ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa na mitumba imejaa mnadani, na Baba alikuwa amejipatia jinzi aliyoivaa kanisani tu. Mama aliichukua hiyo hiyo. "Mvua haiitwi kwa matambara," alisema. Mimi nikapewa kaptula ya kaka yangu, nikaifunga kwa kamba ya katani.

Nilicheka kama wenzangu, lakini moyoni nilikuwa na hofu. Baba alikwisha kutoa kauli: Jumapili ikipita bila mvua, anahamishia ng'ombe Mtera, kwenye maji ya bwawa, nami nitaacha shule nikampikie. Niliipenda shule, jamani. Siku ile niliimba mpaka koo likakauka.

Tulikuwa tunaelekea magharibi, kwenye dimbwi la mpakani mwa kijiji ambako upepo mbaya hutupwa, tulipokutana na Padre Donali juu ya baiskeli. Alikuwa Mwairishi, mwembamba, hajamaliza hata mwaka kwetu. Jioni aliketi barazani na fidla yake akitunga nyimbo za kwao, nasi watoto tulizikariri bila kuelewa hata neno. Aliposikia vigelegele, akashuka, uso umechanua.

"Hongereni sana, akina mama! Nani anaolewa?"

Ngoma zikakatika. Kazi ile haipongezwi kabla haijaisha. Hongera ya mapema huurudisha upepo kijijini. Bibi Agnesi, mama yake Baba, alikuwa mbele ndani ya koti la marehemu babu. Huyu ndiye aliyefagia kanisa kila Jumamosi, na Padre alimheshimu kuliko katekista.

"Shikamoo, Bibi. Nimekosea?"

"Marahaba. Umeshauita urudi, Padre. Sasa utautoa wewe. Vua kofia."

"Hii ilikuwa ya baba yangu, Bibi."

"Ndiyo nzuri. Ina jasho la ukoo."

Padre akacheka, kisha akaona hakuna anayecheka. Akaivua. Tukaenda naye akisukuma baiskeli na kuitikia wimbo wetu kwa lafudhi iliyotuvunja mbavu. Dimbwi lilikuwa limekauka, zimebaki nyufa. Bibi akaizungusha kofia hewani, akapiga kigelegele kimoja kirefu, akaitupa katikati.

"Geuka twende, Padre. Usiifuate. Ukiifuata, mvua itakufuata wewe."

Padre alivumilia hadi Jumamosi mchana. Tulimwona akipita kwa baiskeli, kichwa wazi, akijifanya anakwenda kutembelea wagonjwa, na upande ule hakukuwa na nyumba hata moja. Hakuchukua muda mrefu mawingu yakajikusanya nyuma yake. Alirudi kwa miguu, baiskeli begani, tope hadi magotini, kofia ya baba yake kichwani ikimwaga maji kama bati la kanisa.

"Nilimwambia nini?" Bibi alipiga kelele kutoka mlangoni, kisha akatoka na koti lile lile akacheza kwenye mvua. Baba aliwaacha ng'ombe zizini. Alichukua jembe. Mimi niliingia ndani nikalia kwa furaha, na Jumatatu nikaenda shule na daftari lililolowa.

Leo naishi Makole, nafundisha sekondari. Juzi tulipata mgeni, kijana wa Ireland aliyejifunza Kiswahili vizuri. Kumbe Padre Donali aliporudi kwao alisifika kwa nyimbo zake. Kijana akanichezea mmoja kwenye simu, akanieleza kwa adabu: "Mwalimu, hawa ni majini wa vilima vyetu. Wanawake wenye nguo za kiume, wanachukua kofia ya msafiri, halafu dhoruba inakuja."

Nilicheka mpaka machozi. "Majini? Huyo wa mbele ni bibi yangu. Alikuwa anafagia kanisa!"

Mvua ile ililetwa na kofia, au majira yalikuwa yamefika tu? Sijui, na siku hizi sijisumbui kujua. Ninachojua ni kwamba sikwenda Mtera, na kwamba Padre aliondoka na zaidi ya kofia.

Nilimwomba kijana aurudie wimbo. Kwenye kiitikio kuna mahali ambapo fidla inanyamaza kidogo. Kijana alisema hapo mwimbaji anavuta pumzi. Si kweli. Hapo ndipo Bibi alipopiga kigelegele, na Padre, miaka yote hiyo, alikuwa amemwachia nafasi yake.

Nikakipiga.