Oveni Yangu na Magurudumu ya Saidi

Enyi mliokulia Muyinga pamoja nami, niambieni kama ni mimi niliyezeeka vibaya, au kweli kutengeneza kitu cha kuchezea kulikuwa rahisi kuliko leo. Tulipokuwa wadogo, mtoto akitaka gari alishuka bondeni kuchota udongo. Hakuna aliyemuuliza kama ana vifaa. Alirudi na bonge begani, matope hadi magotini, akakaa nyuma ya nyumba, na kabla ya adhana ya alasiri gari lilikuwa limeshapata umbo, ingawa mara nyingine lilifanana zaidi na kiatu.

Nyumba yetu ilikuwa kando ya barabara inayotoka Kobero, mpakani mwa Burundi na Tanzania. Baba alikuwa dereva wa lori, ambalo mtaa mzima tuliliita kamiyo. Kichwa chake kilikuwa cha buluu, bodi ya mbao, na kila lilipopita lilituachia vumbi mdomoni. Lilibeba chumvi, saruji na vitambaa kutoka mpakani hadi Gitega. Baba akikaribia kona ya kwetu alipiga honi ndefu, na mama aliposikia tu aliongeza maji kwenye maharage, maana baba hakuwahi kufika peke yake. Daima aliandamana na utingo wake, na utingo yule alikula kama watu watatu. Nguo za baba zilinuka dizeli na maganda ya machungwa. Mpaka leo nikimenya chungwa karibu na kituo cha mafuta, roho yangu inarudi Muyinga bila kuniaga.

Safari moja alituletea kilori cha bati alichokinunua Kabanga, upande wa Tanzania. Kimoja tu, mimi na kaka yangu Saidi tushirikiane. Nadhani baba alijua barabara kuliko alivyojua watoto. Tuligombana hadi gurudumu moja likachomoka, likabingirika, likaingia chooni. Na choo cha enzi zile, mnakijua wenyewe, hakikuwa mahali pa kutafuta kitu.

Saidi hakulia. Alichukua gurudumu jingine, akalididimiza kwenye udongo mbichi, akalitoa polepole, na alama yake ikabaki pale kama unyayo. Akakausha ule udongo, akauchoma kwenye jiko la makaa la mama, kisha akashindilia udongo mwingine ndani ya alama ile. Kumbe alikuwa ametengeneza kalibu, na hakuna aliyemfundisha. Lakini udongo wa bondeni ukikauka unanywea. Gurudumu lililotoka likawa dogo kuliko wenzake, na kilori kikawa kinakwenda kimeinama upande mmoja kama mzee mwenye kiuno kibovu. Akatengeneza jingine. Likapasuka. Akatengeneza jingine, na jingine, na makaa ya mama yakawa yanazimika chini ya matope.

"We Saidi!" mama alipiga kelele toka mlangoni. "Hii jiko iko ya chakula ao iko ya udongo?"

Sijui kwa nini nilidhani tabia ile ingeisha akikua.

Sasa mimi naishi Gitega, naoka keki za harusi, na oveni yangu ndiyo inayowalisha watu wa nyumbani kwangu. Saidi naye yuko Gitega, ni seremala, na mke wake ana subira ambayo mimi sikupewa. Baba na mama wamebaki Muyinga. Macho ya baba yaliharibika kidogo kidogo, daktari alisema ni presha ya macho, na mwaka huu giza likamfunika kabisa.

"Baba yenu amenyamaza," mama aliniambia kwa simu. "Namupa chakula, anakula. Namusalimu, anaitika. Basi. Anakaa tu, anageukia ukuta."

Nililia jikoni, nikafuta machozi kwa aproni, nikamwambia Saidi. Baada ya siku chache akaja kwangu na boksi. Ndani mlikuwa na lori la mbao, urefu wa mkono wangu: kichwa, bodi, vioo vya pembeni, hata kamba za turubai. Nilishika mdomo. Lilikuwa lori la baba.

"Ataiona na mikono," Saidi alisema.

"Saidi, ni zuri mno. Mpelekee hata kesho."

"Bado mapine." Akanionyesha mahali pa magurudumu palivyo patupu, akatoa mfukoni pakiti iliyotumwa na binamu yetu anayeishi Ulaya. Ilikuwa udongo wa plastiki, laini kama unga wa chapati uliokandwa, ambao haugandi mpaka uingie kwenye oveni. "Nachonga pine moja nzuri, naifanyia kalibu, halafu natoa zingine zote. Huu haunywei kama ule wa bondeni. Mi nahitaji oveni yako kidogo."

Kidogo! Nilikubali kwa sababu ya baba. Nikajuta wiki nzima.

Gurudumu la kwanza alilichonga siku nzima mezani kwangu, akichora meno ya tairi kwa sindano yangu ya kupambia keki, akapumua juu yake kama anayebembeleza mtoto. Likaokwa, likawa gumu, zuri kweli. Akalididimiza kwenye udongo mpya apate kalibu. Likanasa. Alipolivuta, kalibu ikavutika nalo kama ubani wa kutafuna. Nikamwambia apake poda ya watoto, kama mimi ninavyopaka unga kwenye bati la keki. Akaendelea kulivuta vilevile. Aliipaka niliposhika njia ya sokoni, nikarudi nikakuta vidole vyake vyeupe, naye ananieleza faida za poda.

Binti yangu Nadia alisimama mlangoni na simu yake. Watoto wa siku hizi wameshaona kila kitu, kilichobaki ni kukifanya tu.

"Mama, hiyo iko rahisi, niliona video. Ni kitu ya dakika mbili."

"Basi njoo, mwalimu," Saidi alisema.

Alikuja. Akashindilia udongo ndani ya kalibu kwa zile kucha zake ndefu za kubandika. Gurudumu likatoka na mistari kama limekwaruzwa na paka, na ukucha mmoja ukabaki ndani. Akauchukua ukucha wake, akarudi kwenye video.

Kisha moto. Udongo ule unataka joto la chini. Saidi, ambaye ndani yake bado mna mtoto wa jiko la makaa, aliona mambo yanachelewa, akaongeza joto wakati mimi niko uani. Nilirudi nikakuta moshi, na harufu kama ya ndala iliyotupwa motoni. Mbaya zaidi, keki ya harusi ya Jumamosi ilikuwa inapoa pale pale juu ya meza. Nilikata kipande nikaonja. Ilikuwa keki ya vanila yenye ladha ya ndala. Niliitupa yote, na mayai siku hizi si kitu cha kutupa. Nilifungua madirisha yote, nikaosha oveni kwa siki, nikaanza keki upya bila kumsemesha kaka yangu.

Aliomba msamaha, akakaa nje kama mtu aliyefukuzwa. Kesho yake alirudi. Umeme ukakatika magurudumu yakiwa ndani. Hakuna kitu kinachoudhi kama udongo ulioiva nusu: nje mgumu, ndani unamomonyoka. Tukangoja. Umeme ukarudi, ukaondoka, ukarudi. Hata hivyo, yale yaliyofuata yakaanza kutoka sawasawa. Ajabu, yalikuwa mazuri. Niliyapanga kwenye sahani, nikahesabu yametosha, nikashukuru Mungu kwa sauti.

Saidi akaokota moja, akalipitisha kidole. "Hii ina kasoro. Meno yake hayajashika." Akaliweka pembeni. Akaokota jingine. "Na hii."

Hapo niliishiwa na subira. "Saidi, baba haoni!"

Nilitamani maneno yarudi mdomoni. Kaka yangu hakukasirika. Aliendelea kulipapasa lile gurudumu, akasema taratibu, "Ndiyo maana. Angekuwa na macho, ningeweza kumudanganya."

Nikaiwasha oveni tena.

Safari ya Muyinga nayo ilikuwa adhabu. Mafuta ni adimu, kupata gari ni bahati, na bahati yetu ilikuwa kigari kilichotushindilia kama ndagala, dagaa wa kwetu, kwenye gunia. Lori nililipakata mapajani hadi miguu ikafa ganzi, na kila tuliporuka shimo Saidi alinitazama mimi, si barabara, kana kwamba mashimo niliyachimba mimi. Pale daraja la Ruvubu mama mmoja alitaka kuliwekea kuku juu. Nilimjibu vibaya, Mungu anisamehe.

Baba alikuwa sebuleni, amegeukia ukuta kama mama alivyosema. Tulimwamkia, akaitika. Saidi akapiga goti, akamwekea lori mapajani, akaichukua mikono yake akaiweka juu ya kichwa cha gari.

Vidole vya baba vilisimama. Kisha vikaanza kutembea: kioo cha mbele, mlango, kioo cha pembeni, mbao za bodi, kamba za turubai. Mama alikuwa mlangoni na mwiko mkononi, haupeleki popote. Vidole vikashuka kwenye magurudumu, vikapapasa moja, la pili, vikaenda nyuma, vikarudi mbele. Uso wa baba ukakunjamana.

"Hii kamiyo ni ya nani?"

"Ni yako, baba," Saidi alisema.

"Hapana. Mapine yote iko sawasawa. Yangu haikuwa hivi." Akageuka toka ukutani, akakaa vizuri kitini. "Ya mbele kushoto ndiyo ilikuwa mupya. Ya kulia ilikuwa imekwisha upande wa ndani, kwa sababu ile chuma ya chini ilipinda mulimani na patroni, mwenye gari, alikataa kutengeneza. Za nyuma zilikuwa kipara, zote, ila moja nilipewa na mwenzangu aliyekwama mutoni. Nani alikwambia kamiyo yangu ilikuwa na mapine ya dukani?"

Nilimtazama Saidi. Wiki nzima! Keki yangu, siki yangu, umeme wangu, yale yote aliyoyatupa kwa kasoro ambazo mimi sikuziona! Nilitaka kucheka, nilitaka kumpiga na mwiko wa mama. Saidi alikuwa amefumba macho, mabega yakimtikisika, na sikujua kama analia au anacheka mpaka nilipomsikia.

Akatoa kisu mfukoni. "Niambie, baba. Nitoe wapi?"

"Leta mukono. Hapa. Toa meno. Tena. Acha, acha, hiyo ilikuwa bado na nusu ya maisha!"

Wakakaa hivyo mchana kutwa, wakiharibu kazi yote iliyotoka kwenye oveni yangu. Kila gurudumu lilikuja na hadithi: nani alilifunga, wapi lilipasuka, afisa gani wa forodha aliwalaza Kobero kwenye mvua. Mama aliacha maharage yakaungua. Hakuna aliyelalamika, hata mimi, na mlivyonisoma hadi hapa mnajua haikuwa kawaida yangu.

Mwishowe baba alilipapasa lori zima, akatikisa kichwa kuridhika, halafu akaingiza kidole dirishani upande wa pili.

"Na utingo wangu? Munamuacha wapi?"

Saidi akanigeukia taratibu.

"Oveni yangu, hapana," nilisema. Lakini mama alishaanza kueleza jinsi tumbo la utingo lilivyokuwa, na Saidi alikuwa anachora kwa kidole vumbini.

Enzi zetu baba alikuwa mgeni nyumbani kwake. Alifika, akala, akalala, na sisi tuliambiwa tucheze mbali tusimwamshe, na tulipoamka asubuhi alikuwa ameshaondoka. Tulitamani siku moja tu akae nasi mchana kutwa. Sasa anakaa, kila siku, na mimi ndiye niliyesimama uani nikitazama saa, kwa sababu kigari cha kurudi Gitega hakimngoji mtu na Jumamosi kuna harusi nyingine. Niliingia kumuaga akiwa katikati ya kueleza mteremko fulani, gia gani uingize na lini uguse breki. Hakunyamaza. Alinitafuta mkono, akaushika, akaendelea kueleza, na dereva alipopiga honi nje nilijifanya sikuisikia.