Uso Ambao Mama Alikuwa Akiufuta

Kwa miezi saba nilichora uso mmoja ukutani, na kila siku mtu mmoja aliufuta.

Uso ulikuwa wangu. Aliyeufuta ni mamangu.

Tunaishi chumba kimoja, Shauri Moyo, Nairobi. Mama alisugua sakafu za hospitali miaka thelathini, kisha akaanza kusahau. Kwanza sufuria motoni, mwisho mimi, Nerima, mtoto wake wa pekee.

"We msichana, nani amekuandika kazi hapa?" aliniuliza asubuhi moja, nikimvisha sweta.

Nilienda kulia chooni.

Jioni hiyo, nikitoka kiwandani mtaa wa Baba Dogo, niliokota kipande cha makaa nikajichora ukutani, kando ya kitanda chake. Nilidhani akiniona mchana kutwa atanikumbuka.

Kesho yake ukuta ulikuwa safi. Mama Ubaid, jirani anayemwangalia nikiwa kazini, alicheka hadi akashika mbavu. Alisema nilipotoka tu, mama alidai kitambaa na maji ya sabuni.

Nikachora tena. Akafuta tena. Wesonga wa kazini akasema, "Aki nyinyi wawili mna kichwa ngumu."

Nilikasirika, nisidanganye. Lakini nikishika makaa, kifua kilichonibana kutwa kililegea. Kuchora pua peke yake kulinipa nusu saa ya amani.

Bado nilitaka kitu kimoja: nirudi siku moja nikute hajafuta.

Alhamisi iliyopita nikakuta. Uso mzima, hata kidevu.

"Mama, umenijua!"

Mama Ubaid alikuwa ameketi kando ya kitanda, hacheki.

"Hajainuka leo, mwanangu. Mkono wa kulia hauendi. Tangu asubuhi anakitazama tu kile kitambaa."

Tulimkimbiza hospitali. Wakaturudisha nyumbani, wakasema tumtunze tu.

Siku hizi nachora, kisha naloweka kitambaa, nakiweka kwenye mkono wake wa kushoto, naushika, tunafuta pamoja.

Ndugu msomaji, ukipata kitu cha kukutuliza moyo, kishike, ila usikitwike kazi ya kumponya mtu. Makaa hayakunirudishia mama. Yamenipa tu nguvu ya kukaa naye.

Jana tulipomaliza alinitazama, akasema kwa ulimi mzito, "Unajua kazi, msichana. Nitawaambia wakuandike."