Java Ilipotukataza Kujenga Bomani Mwake

Duka lilikuwa Kisii mjini, la familia ya Kihindi iliyouza karatasi, kalamu na, kufikia mwisho wa miaka ya tisini, kompyuta chache. Nilifanya kazi ya kibarua chumba cha nyuma pamoja na msichana kutoka Nyamira. Sote tuliishia kidato cha nne, tukajifunza Java, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, kwa kitabu kimoja kilichong'oka jalada. Hadi leo naisikia harufu ya chumba kile: wino wa printa na chai ya tangawizi ya mke wa bosi.

Mfanyabiashara mmoja wa kijiji cha Tabaka alitaka programu ya kuhifadhi picha na maelezo ya vinyago vyake vya mawe. Bosi akatuahidi kwamba ikifanya kazi, atatuajiri sote wawili. Ikishindikana, msichana angepelekwa kwa shangazi yake Eldoret. Baba yake alikwisha kuamua. Mimi nilitaka abaki. Sijui kama nimewahi kutaka kitu kingine namna ile.

Katika Java, faili za programu huwekwa ndani ya kifurushi chenye jina. Chetu tulikiita java.tabaka, wala hatukufikiri mara mbili. Kwetu kijana hujenga esaiga, nyumba yake ndogo, ndani ya boma la baba. Programu tuliiona mtoto wa Java, basi ijenge kwao. Kwenye kompyuta yetu kuukuu ikaenda vizuri kabisa.

Asubuhi ya kuikabidhi, bosi akaleta kompyuta mpya ya mteja, yenye toleo jipya la Java. Tukaiendesha programu. Ikakatika papo hapo na ujumbe kwamba jina la kifurushi limekatazwa.

"Tumefukuzwa nyumbani," msichana akasema.

Tukasoma maelezo ya toleo lile. Zamani Java ilipakia faili zake na zetu kwa mlango mmoja. Sasa zake zilikuwa na mlango wake, zetu mlango mwingine, na kila jina lililoanza na java lilikuwa la Java yenyewe. Nikaona njia ya mkato: amri moja ya kuzipitisha faili zetu kwenye mlango wa Java yenyewe, ambako hakuna anayeulizwa.

Akacheka. "Wewe huna chinsoni, huna haya mbele ya wazazi? Mtu mzima na ndevu zako, unataka kuingia chumba cha kulala cha wazazi?"

"Mteja anakuja saa sita, dada."

"Na wenye Java wakileta toleo lingine, utapitia dirisha gani? Hama, bwana. Jenga kwako."

Tukahama. Tulifungua faili moja moja, yeye akisoma, mimi nikifuta java na nukta yake. Kiti kilikuwa kimoja, tukikigawana. Tulipojaribu, ikagoma tena: faili moja ilikuwa bado inawaita wenzake kwa jina la zamani. Mteja wetu, mzee wa Tabaka, akaingia mapema, akaketi juu ya katoni.

"Mashine ni mgonjwa?"

"Inahama nyumba, mzee," msichana akamjibu.

"Basi lete chai. Kuhama ni kazi."

Tukaisahihisha faili ile, na kabla mzee hajamaliza kikombe, picha ya kiboko wake wa jiwe ikajitokeza kwenye kioo cha kompyuta. Mzee akapiga makofi. Bosi akaniita kando.

"Kijana, duka ni dogo. Nitachukua mmoja tu."

"Mchukue yeye," nikasema, kabla hajamaliza.

Jioni nilimsindikiza msichana hadi kwenye magari ya Nyamira. Alikuwa amenuna.

"Nani alikutuma unisemee?"

"Ulikuwa unapelekwa Eldoret."

"Sasa Eldoret unaenda wewe?"

Nilienda Nairobi, kisha Nakuru, kisha miji mingine ambako sikukaa sana. Nilikuwa nimetaka abaki Kisii, naye akabaki. Kwamba angebaki chumbani mle bila mimi, nami niwe mbali naye, hilo sikuwa nimeliwaza.