Tai Aliyeshiba

Wageni wakija kwetu kwenye milima ya Altai siku hizi, swali la kwanza ni lile lile: "Yule msichana wa tai yuko wapi?" Mama yake hawamuulizi. Sawa, sikasiriki. Haya, nakasirika kidogo. Wameiona filamu, wanajua Kunsulu ana miaka kumi na minne, wanajua ndege wake ana kilo sita, wanamjua na babu yake. Lakini kuna jambo alilonitendea mwanangu ambalo kamera haikulipata, na kwa kuwa chanzo chake ni mimi Gulshat, acheni nilisimulie mwenyewe.

Kwetu tai ni mambo ya wanaume. Baba mkwe wangu, mzee Orazkhan, amewinda mbweha kwa tai miaka arobaini, akitumaini mume wangu atashika nafasi yake. Mume wangu akapenda lori. Anabeba makaa ya mawe, anaonekana nyumbani mara mbili kwa mwezi, anakula, analala, huyo. Mzee alipoumia mgongo, tai akabaki kwenye kigogo chake mle ndani akitukodolea macho tu. Kunsulu, wakati huo ana miaka kumi na mmoja, akawa ndiye anayemlisha. Kisha akawa anamvua ile kofia ya ngozi inayomziba macho. Asubuhi moja nikatoka kukamua, nikamkuta juu ya farasi na yule ndege mkononi. Ndoo ya maziwa iliniponyoka.

"Wewe! Utaanguka!"

"Aliyeangusha ni wewe, mama. Okota ndoo."

Basi ndivyo alivyo. Hasemi sana, lakini akisema umekwisha.

Majirani walisema wakachoka. Aliyeshindwa kuchoka ni Dalel, binamu wa mume wangu, mwindaji hodari mwenye mdomo usio na breki. "Shemeji," aliniambia siku moja akinywa chai yangu, "mkono wa msichana ni wa kukamua mbuzi. Ukiubebesha tai utakatika, halafu mahari mtamdai nani?"

"Wa kwako mbona haujakatika," nikamjibu, "na hicho ni kikombe cha saba?"

Vuli ile akaja Lotte, mama mmoja mrefu mwenye kamera, pamoja na mkalimani wake. Alikuwa amesikia habari za Kunsulu huko mjini. Alikaa kwetu mwezi mzima akimfuata mtoto mpaka zizini. Mzee Orazkhan alivumilia, lakini hakutaka mjukuu wake awe mtu wa kupigwa picha tu. Jioni moja akaweka bakuli chini, akasema mbele yetu sote:

"Kunsulu, sikiliza. Baada ya wiki tatu, Jumapili, wawindaji wanakuja. Tai atapandishwa juu ya jabali, wewe utamwita kutoka chini. Akikujia, msimu huu unawinda mahali pangu. Asipokujia, namwachia arudi mlimani, na mambo ya tai katika nyumba hii yamekwisha."

"Sawa, babu."

Masikio yake yalikuwa mekundu. Usiku huo hakugusa hata andazi.

Tai akishiba hana haja na binadamu. Kwa hiyo wiki tatu Kunsulu alikuwa akiiloweka nyama na kuikamua mpaka inatoka damu yote, inabaki nyeupe, haina ladha wala nguvu, kisha anampa ndege kipande cha kujaa kiganja. Ndege akawa mwepesi, mkali, macho yanawaka. Mtoto alikuwa anapima kwa vidole. Kila asubuhi anampapasa chini ya koo, pale kwenye kifuko ambacho ndege hujaza chakula, ajue kimebaki kitu au la.

Jumamosi, kesho yake ndiyo jaribio, tulichinja farasi wa nyama ya akiba ya majira ya baridi. Nyumba ikajaa watu, moshi, vicheko, soseji zinafungwa, masufuria yanachemka. Kunsulu alikwenda mtoni kuchota maji. Tai akaanza kulia pale pembeni. Analia, analia, na Lotte anamtazama, na mkalimani anamtazama, nami nikaona aibu. Siku ya kuchinja mtu alie njaa nyumbani kwangu! Nikajisemea, maskini, huyu naye ana roho. Nikamkatia pande la nyama mbichi, limenona, linachuruzika damu. Akalimeza. Nikamkatia la pili. Wallahi, nilifurahi kumwona anavyokula.

Mtaniuliza, Gulshat, hukujua? Nilijua kama mtu anavyojua kazi isiyo yake. Miaka kumi na sita nimepika katika nyumba ile, tai yuko upande wa wanaume, mimi niko upande wa vyungu. Mapande mawili tu, nikadhani, si kitu.

Jumapili wawindaji kumi na mmoja walikuja na farasi zao, wamevaa manyoya ya mbweha, wamependeza. Dalel ndiye aliyepangiwa kumpandisha tai jabalini. Kabla ya kumkabidhi, Kunsulu akapeleka vidole chini ya koo la ndege. Vidole vikasimama pale. Akanitazama. Nilikuwa nimebeba birika la chai, nikatabasamu, nikidhani ananiomba dua. Akageuka, akampa Dalel ndege.

Kule juu Dalel akamvua tai kofia. Kunsulu akainua mkono wenye glovu, akaita. Sauti yake ilikuwa nzuri, imenyooka, ikagonga mwamba ikarudi. Tai akaruka hatua tatu, akatua kwenye ncha ya jiwe, akaanza kuchambua manyoya yake kama bibi aliyemaliza kula. Kunsulu akaita tena. Akaita saa nzima. Nilipoona yule ndege anavyojisikia raha, nikakumbuka yale mapande mawili. Nikajua.

"Labda anangoja aitwe na mwanamume!" Dalel akapiga kelele akishuka, na watu wakacheka.

Lotte alikuwa karibu kulia. Safari yake ya kurudi kwao ilikuwa kesho yake asubuhi. Akamtuma mkalimani aseme: je, babu hawezi kuvaa koti na kofia ya Kunsulu, amwite tai, wao wapige picha kwa mbali? Nani atajua?

"Mwambie," Kunsulu akasema bila kushusha mkono, "kofia yangu haimtoshi babu."

Mzee akamsogelea. "Asubuhi ulimpapasa koo?"

"Nilisahau, babu."

Wawindaji wakatikisa vichwa, hata Dalel. Kwa mtu wa tai hakuna kosa la kijinga kuliko hilo. Na mimi? Ulimi wangu huu mnaousikia, unaogombana na kila mtu bonde zima, ulikauka mdomoni. Nilinyamaza nikamwacha mwanangu abebe. Sijawahi kujichukia kama siku ile.

Wawindaji wakaondoka. Lotte akamkumbatia mtoto, naye akaondoka. Ndiyo maana katika filamu yake mnamwona Kunsulu anaita, na angani hakuna ndege. Mzee akashika hatamu za farasi wake. "Basi. Ndege ameshachagua."

"Babu, nipe mpaka kesho adhuhuri."

"Mashahidi wameshakwenda, mwanangu."

"Mimi nipo," akasema Dalel. Sijui hata leo ni huruma au ni nini. "Nina haraka gani? Kwa shemeji kuna soseji."

Kunsulu alilala palepale chini ya jabali, amejifunika koti la babu yake. Asubuhi nilipanda na chai nikamkuta midomo imepasuka kwa baridi, mkono uko juu, anaita. Sauti ilikuwa inakwaruza. Mzee alikuwa amekaa juu ya farasi, anatazama jua linavyopanda. Dalel anatafuna.

Kwetu mkwe hapazi sauti mbele ya baba wa mumewe. Miaka kumi na sita nilikuwa nikimjibu mzee kwa kunong'ona. Asubuhi ile nilipiga kelele mpaka farasi wakashtuka.

"Baba, ni mimi! Nilimlisha mimi! Mapande mawili ya nyama ya damu, kwa mkono wangu! Mtoto hakusahau, alimpapasa, nilimwona kwa macho yangu!"

Mzee akageuza uso taratibu, si kwangu, kwa Kunsulu.

"Ulimpapasa."

"Ndiyo, babu."

"Ukajua ameshiba, na bado ukamwachia."

"Ndiyo."

"Kwa nini hukusema?"

Kunsulu alitazama chini. "Ningesema ameshiba, mngeuliza kalishwa na nani. Watu kumi na mmoja, babu, na kamera. Wangemcheka mama mpaka azeeke."

Nililia. Sitaficha, nililia kama mtoto mdogo, kamasi na kila kitu. Yeye alikuwa na kila kitu cha kupoteza siku ile, ndege wake, nafasi yake, na jina lake mbele ya wanaume ambao walikuwa wakingoja aanguke. Akaviweka vyote pale jabalini kwa ajili ya aibu yangu mimi, mama yake mwenye mkono mwepesi wa kugawa nyama.

Dalel akakohoa. "Mzee, kwa maoni yangu mtoto abaki na ndege. Shemeji ndiye anyang'anywe kisu."

Mzee Orazkhan alicheka. Aliyemsikia akicheka tangu aumie mgongo ni nani? Akafuta macho kwa mkono wa koti, akasema, "Mwite, mwanangu. Sasa ana njaa."

Akaita mara moja. Tai akajiachia kutoka kwenye jiwe, hakupiga hata bawa, akaja moja kwa moja, akaipiga ile glovu kwa kishindo hadi Kunsulu akayumba. Alhamdulillahi! Dalel alirusha kofia yake. Mzee akashuka farasi, jambo lililomchukua muda mrefu na mgongo ule, akasimama mbele ya mjukuu wake. "Msimu huu mbele ni wewe," akamwambia. "Mimi nitafuata nyuma."

Mzee na Dalel wakatangulia kuwaandaa farasi. Tukabaki sisi wawili na ndege. Kwetu mtoto humshukuru mzazi, na mzazi humshukuru Mungu. Sikuwahi kumwambia mtoto wangu asante, sikujua hata linatamkwaje. Nikalitamka. Lilitoka vibaya, limejaa machozi, lakini lilitoka.

Kunsulu akanisogelea. Mkono wenye ndege ulikuwa unashuka kidogo kidogo.

"Mama," akasema, "nimechoka. Nishikilie."

Nikapitisha mkono wangu chini ya kiwiko chake, tukaubeba uzito wa yule ndege pamoja, tukashuka polepole kwenye mawe mpaka walipokuwa farasi.