Siku Kwamboka Alipoondoka

Juzi niliona tangazo kwenye simu: "Natafuta yaya. Awe Mkalenjin tu." Nikamkumbuka Kwamboka, yaya Mkisii aliyetulea sisi watoto wa Kikalenjin kule Boito, aliyenukia moshi na maziwa yaliyochemka.

Alasiri moja nyanya yangu, mamake baba, tuliyemwita Kogo, alikuja kutuona. Dada yangu mdogo Chebet, aliyekuwa ndio anaanza kuongea, alimnyoshea Kwamboka mikono akasema, "Baba!"

Nyanya akacheka sana. Mimi nikajifanya mwalimu. "Kogo, kwa Kikisii baba ni mama."

Kicheko kikakatika. Nilidhani amestaajabia akili zangu.

"Huyu mtoto ni wa nani?" Nyanya akamwuliza mama. "Tafuta msichana wa kwetu."

Mama hakubisha. Kwamboka alimpangusa Chebet pua, akampa mama, kisha akakunja nguo zake ndani ya mfuko. Nikamwuliza atarudi lini.

"Uliza mama yako."

Niliambiwa ameenda kusalimia kwao, nikaamini. Sikujua kwamba ni mimi niliyemfukuzisha.

Msichana wa kwetu alikuja Jumatatu, mpole, akiongea lugha yetu vizuri. Chebet alimtazama tu. Ilipita miezi kabla hajatamka neno lingine.